Gari la Kiti Kimoja

Kila asubuhi Shangazi hunywa chai huku mguu wake wa kulia ukisimamisha gari lisilokuwepo. Yeye mwenyewe hajui. Bibi akiinua birika na kumimina kwa haraka, chai ikakaribia ukingo wa kikombe, ule mguu hukandamiza sakafu chini ya meza. Lori la maji likirudi nyuma karibu na ukuta wetu, mguu hukandamiza. Siku moja mtangazaji wa redio alikuwa anasoma habari mbiombio kama mtu anayefukuzwa. Nikainama kuokota kijiko, nikaona Shangazi amekanyaga mpaka kandambili imejikunja. Nikacheka.

"Unacheka nini huko chini?" akauliza.

"Nimeona mende."

"Basi muue, usimchekee."

Kazi yake ndiyo iliyompa tabia hiyo. Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, ni mwalimu wa udereva. Gari la chuo lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine ya mwalimu, na kwa miaka kumi na minane yeye amekaa upande usio na usukani, mguu juu ya breki yake, akiokoa baiskeli, kuku, nguzo za umeme na watoto wa watu. Watu wakimsikia ni mwalimu wa udereva hudhani anaendesha kutwa. Huwa anawacheka. "Mimi nalipwa nisiendeshe," anasema. Mume aliwahi kuwa naye zamani, hakudumu. Akiulizwa habari zake hujibu kwamba alishuka njiani, na hakupiga hata kelele.

Ana sheria moja anayomwambia kila mwanafunzi siku ya kwanza, kabla hata ya kumwonyesha mkanda: "Nikinyamaza, endelea. Ukinisikia naongea, ujue umeharibu." Baba alifundishwa kuendesha na yeye kwa sheria hiyo hiyo, na mwishowe imekuwa sheria ya nyumba nzima. Bibi akiwa jikoni atauliza, "Niongeze chumvi?" Shangazi yuko kimya, chumvi inaongezwa. Mgeni hawezi kuelewa mambo yetu, atadhani tumegombana.

Tunaishi watatu, Bibi, Shangazi na mimi. Baba anaishi kwenye gereji yake, mtaa wa pili, nyuma ya pazia. Chumba cha mbele cha gereji kina cherehani yangu, hapo nashona mifuniko ya viti vya magari. Kwa hiyo gari la Shangazi nalijua kwa kiti. Ni gari dogo rangi ya maziwa, la gia za mkono, lenye umri zaidi ya wangu. Kiti chake cha nyuma nimekishona upya mara mbili kwa sababu ya Bibi. Bibi alianguka kwenye ngazi, na tangu hapo goti lake la kushoto halikunjiki. Jumanne na Ijumaa anapelekwa hospitali kunyooshwa, na njia pekee ya kumpakia ni kumwingiza nyuma kwa makalio, kisha anasogea mpaka mlango wa pili na kulaza mguu juu ya kiti chote kama malkia. Akishakaa hivyo, ndipo anaanza kutoa amri.

Gari hilo hilo, Jumapili, lilikuwa la mbio.

Nje ya mji kuna uwanja mdogo wa ndege uliofungwa zamani. Ndege zimekwenda zao, imebaki lami ndefu yenye nyufa, na kikundi cha watu wenye wazimu wa magari wameuomba na kuupanga kwa matairi ya zamani na koni za plastiki mpaka ukawa na kona kumi na moja. Mtu haruhusiwi kushindana na mwenzake. Unatoka peke yako, unapigana na saa, unarudi. Shangazi alipelekwa pale na mwanafunzi wake mmoja aliyefaulu. Alikwenda kutazama tu. Akarudi nyumbani, na Jumapili iliyofuata akaenda na gari lake.

Mimi ndiye niliyeshika saa. Shule niliiacha mapema, lakini sekunde nazijua. Siku ya kwanza alizunguka kwa dakika mbili na sekunde kumi na tatu, na kila kona aliwasha indiketa. Watu walikaa chini kwa kicheko. Hakuna gari nyuma, hakuna gari mbele, mama wa watu anaomba njia kwa koni! Wakambatiza Mama Indiketa, na jina likaganda. Hakujali. Alipovua helmeti nywele zilikuwa zimelala upande mmoja, uso umelowa, na akaongea njia nzima mpaka nyumbani, yeye ambaye akitoka kazini huwa hana maneno.

Miaka miwili ikapita hivyo. Akafika dakika moja na sekunde hamsini na nane, na hapo akakwama. Miezi minne, hamsini na nane. Wakati mwingine hamsini na tisa.

Kisha Jumapili moja tukakuta karatasi imebandikwa getini. Kuanzia mwezi ujao, gari lisilo na kizimba halitaingia. Kizimba ni mabomba ya chuma yanayochomelewa ndani ya gari, juu, pembeni na nyuma ya dereva, ili gari likipinduka paa lisimlalie. Shangazi aliisoma karatasi ile mara tatu. Tulikuwa na Jumapili nne, hiyo ikiwamo.

"Nisipopata kizimba," aliniambia ndani ya gari, "nitakuwa mtu wa kukaa pembeni siku saba kwa wiki."

Akawasha gari.

*

Baba alipopewa habari alifurahi mpaka ikawa aibu. Akafuta sakafu ya gereji kwa tambara, akachora gari la Shangazi kwa chaki, ukubwa wake kamili, akawa anatembea ndani ya mchoro kama mtu anayeonyesha vyumba vya nyumba.

"Bomba moja hapa, moja hapa. Hili linakatiza nyuma ya viti vya mbele. Haya mawili yanashuka mpaka huku. Springi ngumu, gari linashuka chini vidole vinne. Dada, hili gari watakuja kulipiga picha!"

"Hili linalokatiza," Shangazi akasema, akionyesha kwa ncha ya kiatu, "linapita wapi?"

"Hapa. Kwa hiyo kiti cha nyuma kinatoka."

"Na Mama?"

"Mama atakaa mbele."

"Na goti?"

Baba akakuna kichwa, chaki ikabaki kwenye nywele. "Tutalitafutia nafasi."

"Goti si spea, litafutiwe nafasi."

"Basi fikiria upande wa pili. Ununue gari la uwanjani tu, lisilofika hata dukani? Gari la kukaa wiki nzima likingoja Jumapili kama nguo ya harusi? Hili hapa unalijua. Likiguswa tu na upepo, unajua umetoka wapi."

Hilo lilikuwa kweli, na niliona Shangazi amelipokea. Kingine ambacho Baba hakukisema, lakini mimi nakijua kwa kukaa naye gerejini kila siku, ni kwamba maisha yake yote ametengeneza magari yaliyoharibika. Yanakuja yanalia, yanaondoka yamenyamaza, mwenye gari hata hafungui boneti kutazama. Siku moja alisema, akiwa chini ya gari, nadhani alidhani simsikii: "Natibu tu. Sijawahi kuzaa hata moja."

Wakakubaliana aanze na springi, kwa kujaribu. Springi zinaweza kurudishwa.

Jumanne tukampeleka Bibi hospitali. Kuingia aliingia vizuri, ila alisema kiti kimekuwa shimo. Njiani kila tuta lilitukwaruza tumbo. Bibi nyuma akawa anahesabu kwa sauti: "La tatu. La nne. Mnanipeleka kutibiwa au mnanipeleka kuvunjwa lililobaki?" Tulipofika ndipo balaa. Gari liko chini, mguu haukunjiki, hana pa kusukumia. Akasogea, akarudi. Akasogea, akarudi. Mlinzi akaja, msukuma vitanda akaja, mimi nikaingia upande wa pili nikawa nasukuma mgongo.

"Mama, jilegeze!" Shangazi akasema.

"Nijilegeze mara ngapi? Mwambie huyo ndugu yako nilimzaa kwa shida, sasa na yeye ananizaa kwa shida!"

Mlinzi alicheka mpaka akaachia mkono, Bibi akarudi ndani tena.

Lakini Jumapili, saa iliniambia kitu kingine. Dakika moja na sekunde hamsini na tano. Niliitazama mara mbili nikidhani nimebonyeza vibaya. Springi zimetoa sekunde tatu baada ya miezi minne ya kukwama. Baba alirukaruka pale kwenye koni kama mtoto. Shangazi akatoka garini taratibu, akainama kutazama magurudumu. Nikaona kweli amechanganyikiwa.

*

Jumapili ya tatu mvua iliharibu lami, hakuna aliyetoka. Ndipo daktari wa meno akatuita kwake. Huyu ni mzee wa pale uwanjani, kila mtu anamwita Mtu wa Meno. Mgongo umemshinda, akatangaza anaacha, na gari lake linatafuta mwenyewe. Nyumba yake iko dakika ishirini kwa miguu kutoka gereji.

Alifunua turubai. Sijawahi kuona gari limevuliwa nguo namna ile. Hakuna zulia, hakuna redio, hakuna droo ya mbele, hakuna kitambaa milangoni, hata indiketa hakuna. Ni bati, nyaya na kizimba cha mabomba. Na kiti kimoja.

"Hili ni jino lisilo na ufizi," akasema Mtu wa Meno. "Yaliyobaki yote ni kazi."

Shangazi alilizunguka. Akapapasa maungio ya kizimba kwa kidole, akauliza lilipinduka mara ngapi (mara moja), akauliza injini (ndogo kuliko ya lake), akauliza matairi, akauliza kwa nini kanyagio la klachi limelika upande. Anapouliza hivyo huwa haangalii mtu, anaangalia kitu chenyewe, kana kwamba ndicho kitakachojibu. Mwisho akasema, "Nizungushe kidogo, nilisikilize."

"Utakaa wapi, dada?"

Shangazi akatazama mahali ambapo kiti chake kingekuwa. Palikuwa na bati tupu na tundu nne za nati.

"Mimi gari nalijua nikiwa pembeni," alisema.

"Hili halina pembeni. Jumapili ijayo njoo ukae penye usukani. Ila uamuzi nataka kufikia Jumatatu, saa kumi na moja jioni. Kuna kijana mwingine analitaka, anakuja na trela la kulivuta."

Kuhusu malipo hawakusumbuana. Shangazi alikuwa na akiba, na Mtu wa Meno alikuwa na mke na watoto watatu wakubwa ambao hata mmoja hajui kuendesha. Wakaelewana kwa mkono, endapo atalichukua.

*

Jumapili ya nne jua lilikuwa kali na lami imekauka. Shangazi akaanza na gari lake, akapata hamsini na tano. Akashuka, akaingia kwenye lile bati la Mtu wa Meno.

Mzunguko wa kwanza alikuwa analijaribu tu. Wa pili nikasikia kitu. Kona ya tatu iko karibu na ninaposimama, na kwa miaka miwili nimeisikia kwa masikio haya, kwamba Shangazi akifika penye koni nyekundu injini inashuka, breki zinalia, kisha anaingia. Kila mara, penye koni nyekundu. Safari hii koni nyekundu ikapita, injini bado inaimba. Ikapita hata ile nyeupe. Nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa ameshatoka kwenye kona, yuko mbali, vumbi limesimama nyuma yake.

Mzunguko wa nne, dakika moja na sekunde arobaini na saba.

Mtu wa Meno akaninyang'anya saa. "Mimi mwenye gari sijawahi kupata hiyo!" Akamfuata. "Mama Indiketa, umefanyaje? Gari lako lina nguvu kuliko hili!"

Shangazi hakushuka haraka. Alikaa ndani amefunga mkanda, mikono juu ya usukani, akitazama lile bati tupu pembeni yake. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kwa mara ya kwanza, "Hakuna mtu."

"Hakuna mtu wapi?"

"Hapa. Pale kwenye gari langu kuna kiti, na kikiwa kitupu mguu wangu haujui kuwa ni kitupu. Nadhani nafunga breki kwa ajili ya wawili."

Watu wakacheka, wakadhani ni mzaha. Yeye hakuwa anacheka. Akashuka, akaja moja kwa moja kwa Baba. "Una spana ya kumi na nne?"

"Ninayo."

"Toa kiti cha mbele cha gari langu. Kile cha pembeni."

"Sasa hivi?"

"Nataka kuona."

Hivyo ndivyo alivyo. Mwingine angeshukuru kwa sekunde arobaini na saba akaenda kula. Yeye alitaka kujua ni gari au ni kiti. Nati nne, Baba alizitoa kabla sijamaliza kunywa maji, kiti kikawekwa juani kando ya lami, na mimi nikakikalia. Shangazi akatoka na gari lake la maziwa.

Hamsini na mbili.

Akarudia. Hamsini na mbili tena.

Sasa Baba hakushikika. "Umeona? Umeona mwenyewe! Ni kiti tu! Gari halina kosa. Springi sekunde tatu, kiti sekunde tatu, nikikitoa cha nyuma na uzito wote ule, nikachomelea kizimba changu, hilo bati la mzee utaliacha kwenye kona ya pili. Dada, si unaona? Basi nianze kesho?"

Shangazi alikuwa ameegemea boneti. Alikuwa anatazama kule Mtu wa Meno anakovuta turubai juu ya gari lake, akilifunga kamba upande mmoja, akizunguka taratibu kwa sababu ya mgongo, akifunga upande wa pili. Hakujibu.

Baba akangoja kidogo. Kisha akapiga makofi mara moja, akaenda kukusanya spana zake akipiga mluzi.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti na nilimwona usoni. Ule haukuwa ukimya wa "endelea." Lakini mimi huwa si mwepesi wa kusema, na nilipopata neno Baba alikuwa ameshafika mbali.

*

Jumatatu Shangazi alikwenda chuoni kwa miguu kama kawaida. Baba alikuja nyumbani kuchukua gari, Bibi akampa ufunguo wa akiba bila kuuliza. Saa tatu nilikuwa kwenye cherehani, nikasikia sauti ya nati kavu. Saa nne kiti cha nyuma kilipita mbele yangu mabegani mwa Baba, kikasimamishwa ukutani kando ya mashine yangu. Chini yake tukakuta kadi ya hospitali ya Bibi iliyopotea mwaka jana tukamlaumu karani, kitana, hereni moja, vidonge viwili na maganda ya karanga ya kutosha kujaza kofia.

Kisha grenda ikawaka. Vile vyuma viwili vinavyoshikilia kiti cha nyuma vilikuwa vinazuia bomba linalokatiza. Baba alivikata. Cheche ziliruka mpaka kwenye kitambaa changu.

Shangazi alikuja saa kumi, kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine, na shati lake la chuo lenye beji. Nadhani Bibi alimpigia simu. Alisimama mlangoni. Gari lilikuwa juu ya magogo, limepasuka tumbo, na Baba ndani yake akipima kwa futi.

"Umekata," alisema.

Baba akatoa kichwa, anatabasamu, uso mweusi kwa vumbi la chuma. "Nimekata! Njoo uone palivyokuwa peusi chini ya..." Akaishia hapo. "Vipi?"

"Nani alikwambia ukate?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Nilikuuliza mbele ya watu. Nianze kesho? Ukanyamaza, dada." Akageuka kwangu. "Hakunyamaza?"

"Alinyamaza," nikasema.

Shangazi akavuta pumzi ndefu. "Kweli. Nilinyamaza."

"Na sheria ni yako."

"Ni yangu."

Nikadhani atagomba. Badala yake akaja karibu, akainama, akaingiza kichwa ndani. "Hebu nionyeshe."

Baba akamwonyesha. Alimwonyesha yote, unene wa bomba, pembe atakazozikunja, mkanda utapita wapi, namna atakavyosaga kila ungio mpaka kidole kisijue. Shangazi akauliza maswali, na yalikuwa maswali ya kweli, hata akapanda juu ya magogo akakaa penye usukani kuona bomba la pembeni litagusa bega au la. Kwa muda walikuwa kama watoto wawili na toi lao. Kisha akanyoosha mkono, akarekebisha kioo cha ndani, akatazama nyuma.

"Na Mama kesho?"

"Kesho nitamkodia teksi."

"Na Ijumaa?"

"Nayo teksi."

"Na Jumanne ijayo?"

"Dada, huwezi kupata vyote kwenye gari moja!"

"Ndicho nilichokuwa nakiwaza jana," Shangazi akasema. "Pale ulipokuwa unapiga mluzi."

Akashuka. Akafuta mikono kwenye suruali ya kazi, jambo ambalo hajawahi kufanya. "Chomelea vile vyuma mahali pake. Rudisha viti vyote na springi za zamani. Hili ni gari la Mama, na wewe ndiye utakayemwendesha."

"Mimi? Nina kazi!"

"Na mimi sina?"

"Mama anapiga kelele nyuma huko!"

"Utazoea. Mimi nimezoea."

Baba alishuka kwenye gari upande wa pili. Wakawa wametenganishwa na paa. "Kwa hiyo bati la mtu wa meno ni bora kuliko mkono wangu."

"Si bora. Wewe ungejenga zuri kuliko lile, na ninajua hivyo." Alikuwa anahangaika kutoa ufunguo mmoja kwenye pete ya funguo zake. "Lakini nimekaa humo sasa hivi, viti vingine vimetoka vyote, na bado nikitazama kioo namwona Mama na mguu wake. Hata ukinijengea dhahabu nitakuwa nimempakia. Namwona yeye, nakuona wewe, namwona huyu binti. Siwezi kufika kwenye koni nyeupe na ninyi nyote ndani."

"Hatumo!"

"Mguu wangu haujui."

Ufunguo ukatoka. Akauweka juu ya paa, katikati. Baba hakuugusa. Akasema neno ambalo najua hakulipanga: "Haya, nenda. Ila ukitoka hapo mlangoni, usije ukarudi kuniambia nikukazie hata nati."

Shangazi alimtazama. Nilidhani atamjibu kama dada mkubwa anavyomjibu mdogo wake, maana ana maneno ya kumtosha. Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia, akatazama saa ya ukutani. Saa kumi na nusu ilikuwa imepita kidogo. Akaja kwangu, akaichukua ile kadi ya hospitali juu ya mashine, akasoma jina la Bibi, akanirudishia.

"Ampeleke mapema," akasema, "foleni ya kunyooshwa inaanza saa mbili."

Akatoka. Nilisimama mlangoni. Hakushika njia ya chuoni, alishika ile ya juu, inayokwenda kwa Mtu wa Meno, akapita kwa mziba pancha, akapita kwa muuza vioo, anatembea haraka na beji yake, mkoba umebanwa kwapani. Mtu wa Meno aliniambia baadaye kwamba alifika amelowa jasho, yule kijana wa trela bado hajaja, na hakuomba hata maji. Aliomba turubai litolewe.

Baba alitoka akasimama nyuma yangu, anajifanya anatafuta kitu barabarani.

"Atarudi sasa hivi," alisema. "Hawezi kuniachia gari juu ya magogo."

Tukangoja. Muuza vioo akafunga. Baba akaingia, akauchukua ufunguo juu ya paa, akautia mfukoni, akaenda kuvitafuta vile vyuma viwili kwenye pipa la mabaki. Mimi nilikaa pale mlangoni mpaka mwanga ukaisha barabarani, na Shangazi hakurudi gerejini kwa Baba, si siku ile wala baadaye.